Kurutubisha au Kupembua? Historia ya Kutenga Isotopi za Metali, Pamoja na Habari za Nachingwea na Ruangwa

I

Maneno ya elimu mpya huingia katika lugha kwa milango miwili. Mengine huja na sauti yake ya kigeni, yakavikwa irabu za Kiswahili na kutiwa katika ngeli, kama vile atomi, urani na isotopi. Mengine ni maneno yetu ya zamani yaliyotwikwa mzigo mpya. Yale ya kwanza hayamdanganyi mtu, kwa sababu asiyeyajua hujua kwamba hayajui. Yale ya pili yana faida kubwa, kwa maana humpa msomaji picha aliyo nayo tangu utoto. Lakini yana hatari yake pia, kwani picha ikiwa si ya jambo lile, msomaji hupotea huku akidhani ameelewa.

Makala haya yahusu neno moja la namna hii ya pili, nalo ni kurutubisha, kama litumikavyo siku hizi katika habari za urani. Magazeti na idhaa za Kiswahili husema kwamba nchi fulani “inarutubisha urani”, na neno hilo limekwisha kuenea hata hakuna aliulizaye maana. Nia yetu ni kueleza kwa ufupi historia ya kazi yenyewe, yaani kutenga isotopi za metali, kisha kupima kama neno hilo laichukua kazi hiyo au laificha.

Tumechagua kuitazama habari hii kutoka Nachingwea na Ruangwa, katika mkoa wa Lindi, na sababu zake ni tatu. Kwanza, huko ndiko neno rutuba lilikopata funzo kali katika miaka ya 1940. Pili, ardhi ya huko ina madini mawili ambayo jamii zake zimeshiriki katika historia ya atomi: nikeli katika kilima cha Ntaka, Nachingwea, na kinywe katika Nachu na Chilalo, Ruangwa. Tatu, watu wa huko ni wakulima wa ufuta, karanga na korosho, nao wana maneno ya kutenga kitu na kitu ambayo ni mazuri kuliko lile tulilolichagua.

II

Twaanze na rutuba. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, ikisumbuliwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, ilituma wajumbe wakiongozwa na Bwana John Wakefield kuja kuangalia kama karanga zaweza kulimwa kwa wingi katika Afrika Mashariki. Wajumbe walizunguka kwa muda wa wiki chache tu, wakarudi na shauri la kufyeka eka zaidi ya milioni 3. Kazi ilianza mwaka 1947 katika Kongwa, ikafuata Urambo, na sehemu kubwa kabisa ilikusudiwa iwe katika Jimbo la Kusini, makao yake yakiwa Nachingwea. Kwa ajili hiyo bandari ya Mtwara ilianza kujengwa, reli ikatandikwa kuingia bara, na mji ukachipuka mahali palipokuwa msitu.

Habari za mwisho wake zajulikana. Udongo wa Kongwa, uliokuwa laini wakati wa mvua, ulikuwa mgumu kama sakafu wakati wa kiangazi, na karanga zilikataa kung'oka. Mvua zilipungua, trekta ziliharibika, na katika Nachingwea kazi ilichelewa kwa kuwa bandari na reli zilikuwa bado kwisha. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba mpango umeshindwa, na hasara ilihesabiwa kuwa kiasi cha pauni milioni 36. Reli ya kusini iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Kwa msomaji wa lugha, jambo la kushika katika habari hii ni hili: rutuba ni hali ya udongo, nayo huweza kuongezwa. Mkulima akitia samadi au mbolea, shamba lile lile huwa na kitu ambacho halikuwa nacho jana. Hiyo ndiyo maana ya kurutubisha katika kinywa cha kila Mswahili. Na kwa sababu rutuba huzaa chakula, neno lenyewe lina baraka ndani yake; hakuna asemaye “kurutubisha” kwa ubaya. Tuyashike mambo hayo mawili, kuongeza na baraka, maana tutayarudia.

III

Sasa tuingie katika habari ya isotopi. Mpaka mwanzo wa karne ya 20 wajuzi wa kemia waliamini kwamba atomi zote za kitu kimoja zina uzito mmoja. Elimu ya mnururisho iliwatia mashaka, kwa sababu waliona vitu vyenye uzito mbalimbali ambavyo kwa njia za kemia havikuweza kutengwa hata kidogo. Mwaka 1913 Frederick Soddy, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Glasgow, alivipa vitu hivyo jina la isotopi. Jina hilo alishauriwa na Dakta Margaret Todd, mwanamke tabibu aliyekuwa pia mtunzi wa riwaya, naye alilitoa katika Kiyunani, kwa maneno mawili yenye maana ya “mahali pale pale”. Maana yake ni kwamba vitu hivyo, ingawa uzito wake si mmoja, vyakaa mahali pamoja katika jedwali la elementi. Tangu kuzaliwa kwake, basi, elimu hii ilihitaji msaada wa mjuzi wa maneno.

Katika miaka hiyo hiyo J. J. Thomson wa Cambridge aliona kwamba gesi ya neoni ina atomi za uzito wa 20 na nyingine za uzito wa 22. Msaidizi wake Francis Aston alijaribu kuzitenga kwa kuipitisha gesi hiyo katika udongo wa mfinyanzi wenye vitundu vidogo sana, akafanikiwa kidogo tu. Baada ya vita, mwaka 1919, alitengeneza chombo cha kupimia uzito wa atomi kwa nguvu za umeme na sumaku, na kwa chombo hicho aligundua isotopi nyingi za elementi nyingi. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1922.

Katika metali, ya kwanza kuguswa ilikuwa zebaki. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, katika mji wa Copenhagen, Brønsted na Hevesy waliifanya zebaki itoe mvuke polepole mahali pasipo na hewa, wakaunasa mvuke kwa ubaridi kabla haujarudi. Atomi nyepesi huruka haraka kuliko nzito. Kwa hiyo zebaki iliyonaswa ilikuwa nyepesi kidogo kuliko ile iliyobaki. Tofauti ilikuwa ndogo mno, lakini ilitosha kuthibitisha kwamba metali moja yaweza kugawanywa katika sehemu mbili, zote mbili zikiwa zebaki halisi.

Hapa ndipo penye fundo la jambo lote, na yafaa tusimame kidogo. Isotopi za metali moja zina idadi sawa ya protoni; hutofautiana kwa nyutroni tu. Kwa hiyo zina tabia moja katika kemia: tindikali iyeyushayo moja huyeyusha nyingine, na kitu kishikanacho na moja hushikana na nyingine. Ni vigumu mno kuzibagua kwa dawa. Kilichobaki ni uzito, na katika metali nzito tofauti ya uzito ni ndogo sana ikilinganishwa na uzito wote. Zaidi ya hayo, mara nyingi isotopi itakiwayo ni chache. Katika kila atomi 1,000 za urani ya asili, kama 993 zina uzito wa 238, na kama 7 tu zina uzito wa 235. Hiyo ya 235, iliyogunduliwa na Arthur Dempster mwaka 1935, ndiyo ipasukayo kwa urahisi ikipigwa na nyutroni za mwendo wa pole. Jambo hilo lilihakikishwa mwaka 1940, baada ya Alfred Nier kutenga chembe kidogo sana za urani hiyo kwa chombo cha namna ya kile cha Aston.

IV

Urani yenyewe ilitoka wapi? Swali hili laturudisha Afrika, tena katika nchi ambamo Kiswahili ndicho lugha ya migodi. Katika Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, kuna mahali paitwapo Shinkolobwe, karibu na mji wa Likasi ambao Wabelgiji waliuita Jadotville. Madini ya urani yaligunduliwa hapo mwaka 1915, yakachimbwa na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Mwanzoni hayakutafutwa kwa ajili ya urani, bali kwa ajili ya radi iliyomo ndani yake, ambayo ilikuwa ghali mno na ilitolewa katika kiwanda cha Olen, Ubelgiji. Urani ilikuwa kama mabaki.

Mwaka 1940 mkuu wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alipeleka kiasi cha tani 1,200 za madini hayo New York, yakawekwa katika ghala la Staten Island. Mwezi wa Septemba 1942 jeshi la Marekani liliyanunua, na baadaye mgodi ukafunguliwa tena ili kutoa mengine. Madini hayo yalikuwa na nguvu kupita kiasi. Mengine yalikuwa na urani zaidi ya nusu ya uzito wake, ambapo mahali pengi pengine huchimbwa mawe yenye urani isiyofika sehemu 1 katika 100. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Wamarekani katika vita ilitoka hapo.

Kutenga kulifanywa katika mji mpya wa Oak Ridge, jimbo la Tennessee, kwa njia tatu. Njia ya kwanza ilikuwa ya Ernest Lawrence wa Chuo Kikuu cha California. Atomi za urani zilitiwa umeme, zikarushwa katikati ya sumaku kubwa, zikapinda: nyepesi zikapinda zaidi, nzito zikapinda kidogo, na kila moja ikaanguka katika chombo chake. Kwa kuwa shaba ilikuwa adimu wakati wa vita, nyaya za sumaku hizo zilifanywa kwa fedha, tani zaidi ya 14,000 zilizoazimwa kutoka Hazina ya Marekani.

Njia ya pili ilikuwa ya kuchunga, na ndiyo ile aliyoijaribu Aston kwa udongo wa mfinyanzi. Urani iliunganishwa na florini ili iwe gesi, kisha gesi ikasukumwa kupita katika kiwambo chenye vitundu visivyoonekana. Florini ilifaa sana kwa sababu ina isotopi moja tu, kwa hiyo tofauti yote ya uzito ni ya urani. Chembe nyepesi zina uzito wa 349 na nzito 352. Kila mara gesi ipitapo kiwambo, nyepesi huongezeka kwa kiasi cha sehemu 4 tu katika 1,000. Ndiyo maana kiwanda kilichoitwa K-25 kilikuwa na hatua karibu 3,000 zilizofuatana.

Njia ya tatu ilikuwa ya Philip Abelson, ya kutumia joto na baridi ndani ya mabomba marefu yaliyosimama. Kazi za njia zote tatu ziliunganishwa, na tarehe 6 Agosti 1945 bomu lenye kiasi cha kilo 64 za urani hiyo liliangushwa juu ya Hiroshima.

Mtu wa lugha hana budi kuona jambo jingine katika habari hii. Mitambo ya Lawrence iliangaliwa na wasichana, wengi wao waliotoka shule za Tennessee, waliofundishwa kugeuza vishikizo na kusoma mishale, wasiambiwe wafanya nini. Kadhalika wachimbaji wa Shinkolobwe, walioyabeba mawe yale, hawakuambiwa yaenda wapi wala yatafanya nini. Watu wa pande mbili za dunia walishirikiana katika kazi moja, na wote wawili walinyimwa jina lake.

V

Turudi sasa Nachingwea. Gesi ya urani na florini ni kali. Huila chuma na metali nyingi nyingine. Wahandisi wa K-25 walihangaika muda mrefu kutafuta kiwambo kisicholika, nacho hatimaye kilifanywa kwa unga wa nikeli. Hata vyombo vikubwa vilivyobeba viwambo hivyo vilipakwa nikeli ndani, na kampuni ya Chrysler mjini Detroit ilivumbua njia ya kupaka ngozi nyembamba ya nikeli juu ya chuma ili kupunguza gharama. Pasipo nikeli, njia ya kuchunga isingalifaulu.

Nikeli hiyo haikutoka Nachingwea, kwa maana nikeli ya Ntaka haikuwa imechimbwa, wala hata leo haijawa mgodi. Lakini nayo ina historia yake. Makampuni ya kigeni yaliitafiti kwa miaka mingi, hasa tangu mwaka 2006. Mwaka 2018 Tanzania ilifuta aina ya leseni ambayo eneo hilo lilishikiliwa kwayo, na shauri likapelekwa mbele ya baraza la kimataifa la usuluhishi. Mwezi wa Julai 2023 baraza liliamua Tanzania ilipe zaidi ya dola milioni 109, na mwaka 2024 pande mbili zikapatana kwa dola milioni 90. Fedha hizo zimelipwa kwa ajili ya kilima ambacho hakijatoa hata kipande kimoja cha nikeli ya kuuza.

Tena, nikeli haikuwa chombo tu cha kutengea isotopi za metali nyingine. Yenyewe pia hutengwa. Nikeli ya asili ina isotopi 5, za uzito wa 58, 60, 61, 62 na 64. Hiyo ya 64 haifiki hata atomi 10 katika 1,000. Lakini ikitengwa na kupigwa kwa protoni, hugeuka kuwa shaba ya uzito wa 64, ambayo nusu yake huisha kwa muda wa saa 12 na kitu, nayo hutumiwa na matabibu kuona mahali saratani ilipojificha mwilini. Kwa hiyo kazi hii si ya mabomu peke yake. Mara tu baada ya vita baadhi ya mitambo ya Lawrence iligeuzwa kutenga isotopi za metali nyingi kwa ajili ya hospitali na maabara.

Na kinywe cha Ruangwa? Kinywe si metali. Ni kaboni, ndugu wa makaa na almasi. Nacho kilishiriki katika historia hii: tanuri la kwanza la atomi, lililowashwa Chicago tarehe 2 Desemba 1942 chini ya uongozi wa Enrico Fermi, lilijengwa kwa matofali ya kinywe, ambayo kazi yake ilikuwa kupunguza mwendo wa nyutroni. Kinywe hicho hakikuchimbwa ardhini bali kilitengenezwa viwandani, na sharti lake kubwa lilikuwa kisiwe na boroni, maana boroni huzimeza nyutroni. Wajerumani walipima kinywe kisichokuwa safi vya kutosha, wakaamini hakifai, wakaiacha njia hiyo. Kusafisha vibaya kuligeuza mwendo wa historia.

Kinywe cha Nachu na Chilalo ni cha namna nyingine, cha magamba mapana, nacho hutafutwa zaidi kwa ajili ya betri. Hata hivyo kina somo kwetu. Mawe yake hupondwa, hutiwa katika maji yenye mafuta kidogo, kisha hupulizwa mapovu. Kinywe hakipendi maji. Hushikamana na mapovu na kuelea juu, na mchanga huzama. Hapo twatenga kitu na kitu kingine, tukitumia tofauti ya tabia zao. Kazi hiyo haina uhusiano wowote na kutenga isotopi, ambazo tabia zao ni moja.

VI

Njia za kutenga hazikusimama katika mwaka 1945. Jesse Beams wa Virginia alikuwa amekwisha kutenga isotopi za klorini katika miaka ya 1930 kwa kuzungusha gesi kwa kasi kubwa. Baada ya vita Gernot Zippe wa Austria, aliyekuwa mfungwa wa Warusi, aliiendeleza kazi hiyo na wenzake huko Urusi, akaachiliwa mwaka 1956 na kuirudia baadaye Virginia. Silinda nyembamba huzungushwa kwa kasi mno. Chembe nzito huvutwa ukutani, nyepesi hubaki karibu na katikati. Mwaka 1970 Uingereza, Uholanzi na Ujerumani ya Magharibi zilifanya mkataba wa kushirikiana katika njia hii, na kwa kuwa hutumia sehemu ndogo tu ya umeme uliotumiwa na viwambo, imezishinda nyingine zote. Kiwanda kikubwa cha viwambo cha Ufaransa kilifungwa mwaka 2012, na cha mwisho cha Marekani mwaka 2013.

Tukizitazama njia hizi zote pamoja, mvuke, sumaku, kiwambo, joto na mzunguko, twaona kwamba hakuna hata moja inayoongeza kitu katika urani. Tufanye hesabu ndogo. Mtu akitaka kilo 1 ya urani ambayo sehemu 4 katika 100 ni ya uzito wa 235, kama itumikavyo katika vinu vya umeme, huanza na kilo 8 hivi za urani ya asili. Mwisho wa kazi ana kilo yake 1, na kilo 7 zimewekwa kando, karibu zote za uzito wa 238. Hakuna atomi hata moja ya 235 iliyozaliwa katika kazi hiyo. Zote zilikuwamo tangu mwanzo, zimekusanywa tu.

Mkulima wa Nachingwea akisikia kwamba urani “imerutubishwa”, ataona nini? Ataona kitu kilichotiwa nguvu kutoka nje, kama shamba lililotiwa mbolea. Hataona kilo 7 zilizobaki, wala hatauliza zimewekwa wapi, kwa sababu mbolea haiachi mabaki. Tena atasikia baraka ya rutuba katika jambo ambalo, likifikishwa sehemu 90 katika 100, ni silaha. Neno hilo lilitafsiriwa kutoka lugha za Ulaya, ambako jina la kazi hii latokana na utajiri, na neno lile lile hutumika kwa udongo. Mfasiri aliufuata udongo, akaiacha kazi yenyewe.

Je, Kiswahili hakina neno jingine? Kinayo maneno mengi, kwa kuwa ni lugha ya watu walao nafaka. Twapepeta, ili upepo uchukue makapi na punje ibaki. Twachunga unga. Twachuja tui. Twachambua pamba. Na twapembua: yaani twatikisa ungo kwa ustadi mpaka chenga zijitenge na mchele mzima. Hebu tulitazame neno hili la mwisho. Makapi si mchele, kwa hiyo kupepeta ni kutenga kitu na kitu kingine, mfano wa kinywe na mchanga wake. Lakini chenga ni mchele, na mchele mzima ni mchele. Ukivipika vyote vina ladha moja. Apembuaye hutenga kitu kimoja katika sehemu zake mbili, akitumia uzito tu, na hufanya hivyo si kwa mtikiso mmoja bali kwa mingi inayofuatana. Sijui mfano ulio karibu zaidi na kazi ya K-25.

Yako mapingamizi mawili. La kwanza ni kwamba katika ungo kilicho kizito ndicho kitakiwacho, na katika urani ni kinyume. Ni kweli; lakini neno lataja kazi, halitaji upande upi utakaochukuliwa, na katika nikeli ile ya 64, ambayo ndiyo nzito kuliko zote, mambo yalingana kabisa na ungo. Pingamizi la pili ni kwamba neno hili limekwisha kutumika kwingine, katika “upembuzi yakinifu”, yaani uchunguzi ufanywao kabla ya kuanza mradi. Hilo naliona kuwa ushahidi wa kulitetea. Neno lililoweza kutoka unguni mpaka katika ofisi za mipango, lisipoteze maana yake ya kutenga lifaalo na lisilofaa, laweza pia kufika maabara. Na hakuna mji uwezao kueleza thamani ya upembuzi yakinifu kuliko Nachingwea, uliojengwa kwa kuukosa.

VII

Sisemi kwamba neno lililozoeleka laweza kufutwa kwa makala moja. Lugha haitii amri ya namna hiyo. Nasema kwamba wenye kutunga kamusi na vitabu vya shule wana nafasi ya kuziweka kazi tatu katika maneno matatu. Kutenga madini na mawe yake, kama kinywe katika mapovu, kuitwe kupepeta au kuchenjua. Kuondoa uchafu kwa kemia, kama boroni katika kinywe, kuitwe kusafisha. Na kutenga isotopi kuitwe kupembua, kile kilichochaguliwa kikiitwa urani iliyopembuliwa, na kilichobaki chenga.

Faida yake si ya wataalamu peke yao. Magharibi ya Nachingwea, katika wilaya ya Namtumbo, mkoa wa Ruvuma, kuna urani kando ya mto Mkuju, na leseni ya kuichimba ilitolewa mwaka 2013. Kitokacho katika mgodi wa namna hiyo ni unga wa manjano, ambamo katika kila atomi 1,000 za urani zile 7 ni zile zile 7. Umetengwa na mawe, haujapembuliwa. Mwanakijiji mwenye maneno mawili atajua kuuliza maswali mawili: jirani yangu kunafanywa kazi ipi, na ile nyingine yafanywa wapi, na nani, na kwa faida ya nani? Mwenye neno moja tu la kurutubisha hatajua hata kwamba maswali ni mawili.

Wachimbaji wa Shinkolobwe walibeba mawe yale bila jina. Hapakuwa na aliyewatungia, na waliojua walikuwa na sababu ya kunyamaza. Sisi hatuna sababu hiyo. Kazi yajulikana, vitabu viko wazi, na neno limo katika ungo wa kila nyumba kutoka Ruangwa mpaka Likasi.